Suti Iliyokuwa na Mwenyewe

Wivu wa watu wengine una adabu zake. Unakuja, unauma, mtu ananuna siku mbili tatu, unaondoka. Wa Fundi haukuwa wa namna hiyo. Wa Fundi ulikuwa na msumari wake ukutani, ulikuwa na henga yake ya mbao, na kila Ijumaa ulipigwa brashi na kurudishwa mahali pake kama mgeni wa heshima. Nisiwazungushe. Nasema habari ya suti.

Suti yenyewe ilikuwa ya kijivu, vifungo viwili, bitana rangi ya zambarau, na ilining'inia juu ya cherehani tangu Fundi hajaoa. Wenye kazi hiyo wanajua: kila fundi ana msumari wa watu wasiorudi. Mtu analeta kitambaa, anapimwa, anaapa atakuja Jumamosi, na huo ndio mwisho wa kumwona. Desturi ya mafundi ni kumngoja mwaka mmoja; ukipita, nguo inauzwa kwa yeyote itakayemtosha, na hakuna wa kulaumiwa. Fundi aliuza hivyo magauni, aliuza sare za shule, aliuza hata joho la mwanakwaya. Suti ya kijivu hakuiuza. Na si kwamba haikuulizwa. Ilikuwa kazi safi kuliko zote zilizowahi kutoka mikononi mwake, na mteja yeyote mwenye macho aliiona kabla hajaketi. Fundi alimjibu bila kuinua kichwa: "Hiyo ina mwenyewe."

Mwenyewe huyo, sasa, ndiye mwanaume aliyekuwa amuoe mke wa Fundi.

Ngojeni kwanza, msimcheke. Mkewe anafundisha historia kwenye shule ya pale mtaani, na kila mtu anamwita Mwalimu, mumewe akiwemo. Zamani hizo alikuwa binti mwenye mchumba. Mchumba alikuja dukani kwa miguu yake, akanyoosha mikono apimwe huku anapiga mluzi kwa raha, akachagua bitana. Fundi akamshonea kwa moyo mmoja. Angemchukia kwa lipi mtu ambaye mabega yake yalikuwa sawasawa kulia na kushoto? Kwa fundi hiyo ni zawadi. Harusi ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena, bwana harusi ana shughuli za kikazi, na iliposogezwa mara ya tatu akatokea binti mwenyewe mlangoni.

"Fundi, ile suti usiimalize. Harusi haipo tena. Nimeivunja mimi."

"Nimeshaimaliza, dada."

Binti akainua macho, akaiona. Akaisogelea, akaishika kola kwa vidole viwili, akaigeuza, akatazama na upande wa ndani. "Ingempendeza kweli," akasema, halafu machozi yakamtoka. Fundi akamvutia kigoda, akampa maji ya kunywa. Wiki iliyofuata binti akarudi na sketi ya kupunguzwa kiuno. Halafu akaja na nyingine. Halafu na nyingine, mpaka Kinyozi, mwenye kibanda cha jirani, akauliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kama huyu binti ana sketi nyingi au ana sababu. Wakaoana, wakapata mtoto wa kike, wakapata wa kiume, mambo yakaenda.

Raha mustarehe, utasema. Aka! Lile neno lilikuwa limeshaingia. Ingempendeza kweli. Fundi aliolewa nalo, samahani, alioa nalo. Akiwa anatia uzi kwenye sindano analisikia, akiwa anakula analisikia. Na kwa vile mkewe hakuwahi kulirudia, wala kumtaja yule mtu hata kwa bahati mbaya, Fundi aliona hapo ndipo penye jambo. Angemtaja, Fundi angesema anamkumbuka. Hakumtaja, basi anaficha. Mtu mwenye wivu hashindwi kesi, kwa sababu hakimu ni yeye.

Sasa ikaja safari. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na wawili hawa hawakuwahi kulala pamoja nje ya mji wao hata siku moja. Kila likizo kulikuwa na sare za shule za kushona, kila sikukuu kulikuwa na magauni. Safari hii Mwalimu akasema imetosha: shule zikifungwa wanakwenda, wao wawili tu, watoto wanabaki kwa bibi yao. Fundi akafurahi hadi akapitiliza mshono. Mchana mmoja Mwalimu akaja dukani na ramani ya shule, akaitandaza juu ya meza ya kukatia, akachukua chaki ya mumewe.

"Tunaanzia hapa," akasema, akachora duara. "Magofu. Tunakaa siku tatu. Halafu tunateremka pwani, siku moja kila mji: huu wenye mnara wa taa, halafu huu wenye gati refu, halafu tunafuata ufuo hadi huku. Unaonaje?"

Fundi alitazama lile duara, na furaha ikamtoka yote. Alikuwa anajua nani yuko pale.

"Naona tuanzie baharini," akasema.

"Haya, tunaanzia baharini, tunamalizia magofu."

"Tumalizie baharini pia."

Mwalimu akacheka. "Na katikati?"

"Katikati tuweke bahari. Mwalimu, magofu ni nini? Mawe. Mawe hata hapa nyuma ya choo yapo. Kuna jua, kuna nyoka, mimi kiuno chenyewe hiki cha kukalia cherehani."

"Kiuno chako kinapanda ngazi za dari kila siku kutafuta vitambaa." Mwalimu aliweka chaki chini, na sasa hakuwa anatania. "Baba watoto, mimi nafundisha yale magofu kila mwaka. Nachora ukuta ubaoni, nachora lango, nachora kisima. Na kila mwaka kuna mtoto ananyoosha kidole: Mwalimu, wewe umefika? Nasema bado. Wanafunzi wangu wa kwanza sasa wana watoto wao, na mimi bado nasema bado. Bahari nitafurahi kuiona. Lakini magofu ndiyo ninayoyataka."

Nani angekataa maneno hayo? Fundi akasema haya, sawa. Moyoni akasema: ndiyo, siku tatu. Pwani kila mji siku moja, magofu siku tatu! Mawe gani ya kutazamwa siku tatu?

Hapa lazima niwaeleze jinsi Fundi alivyojua, maana si kwa ndoto. Kulikuwa na dereva wa lori la simenti aliyepita njia ile ya magofu kila mara. Dereva huyu suruali zake zilikuwa zinashonwa bure. Pindo likifumuka, bure. Zipu ikikatika, bure. Alichotakiwa kulipa ni habari tu. Kwa njia hiyo Fundi alijua yule bwana alipewa usimamizi wa magofu mwaka gani, alijua ameoa, alijua ana watoto watatu na kwamba yule wa mwisho ni msumbufu, alijua aliwahi kuvunjika mguu na ulipona vizuri, jambo ambalo Fundi hakulifurahia. Siku mbili baada ya ile ramani, dereva akapita kuchukua kaptura yake.

"Bado yupo?" Fundi akauliza.

"Yupo. Juzi nimempungia mkono."

"Amenenepa?"

"Mimi nilikuwa kwenye usukani, Fundi."

"Tumbo, nakuuliza. Ana tumbo?"

"Sasa nimtazame mwanaume mwenzangu tumbo nikiwa na simenti nyuma?" Dereva akakunja kaptura yake. "Lakini kwa umri ule, lazima litakuwepo."

Lazima litakuwepo! Fundi aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Mguu umevunjika, mtu amekaa kitini miaka, ana mke wa kumpikia, ana watoto watatu: lazima tumbo litakuwepo. Na hapo ndipo lilipomjia wazo ambalo lisingemjia mtu mwingine yeyote duniani isipokuwa fundi wa nguo mwenye wivu. Ataibeba suti. Atafika nayo hadi pale getini, atasema kwa upole kabisa, bwana, nimekuletea mali yako, hebu ijaribu. Yule bwana atajaribu, kwani nani anakataa suti? Na vifungo vitagoma. Vitagoma mbele ya Mwalimu, mchana kweupe. Mwalimu atamwona mtu mwenyewe amebanwa kwapa, mikono imesimama kama ya mtoto anayevishwa sweta, na lile neno la ingempendeza litakufa palepale lizikwe na magofu mengine.

Akaishusha suti msumarini. Sanduku la safari lilikuwa hapohapo dukani, alikuwa analitia zipu mpya. Akaikunja suti kwa ustadi wake wote, akaifunga kwenye gazeti, akailaza chini kabisa, juu yake akapanga mashati. Siku hiyo alishona huku anaimba, na Kinyozi akabisha kwenye ubao unaotenga vibanda vyao akauliza kulikoni.

Kesho yake Mwalimu alitoka shule mapema. Aliingia dukani na ndala za kuogelea mkononi, akasimama ghafla, akatazama ukutani. Msumari ulikuwa mtupu.

"Umeiuza!"

Fundi akafungua mdomo.

"Umeiuza ile suti! Hatimaye!" Ndala zikaanguka. Mwalimu, mtu mzima anayeogopwa na darasa zima, alimkumbatia mumewe palepale kwenye kiti cha cherehani mpaka futi ikamvuka shingoni na kuanguka. "Sikutaka kukuambia, maana ni duka lako, siingilii kazi yako. Lakini siku nyingine nilikuwa napitia mlango wa nyuma nisiione. Ahsante, mume wangu. Ahsante sana."

Fundi alikuwa na nafasi ya kusema kweli, na alikuwa na nafasi ya kusema uongo. Akashindwa vyote viwili, akabaki anatabasamu kama mtu aliyekalia sindano. Mwalimu akaokota ndala zake, bado anacheka, akalifungua sanduku. Akainua mashati ili azitie chini zisichafue nguo. Mkono ukagusa gazeti. Gazeti likafunguka, na kitambaa cha kijivu kikachungulia.

Kicheko kilikatika. Kule kwa Kinyozi mashine ya kunyolea nayo ikazimwa, maana ule ubao ni mwembamba.

"Hii inakwenda wapi?"

"Kwa mwenyewe," Fundi akasema. Alijikaza, akaona bora nusu shari. "Usinitazame hivyo, Mwalimu. Mimi si mtoto. Siku tatu za mawe, miji mizima ya pwani siku moja moja! Unadhani sijui nani msimamizi wa magofu yako? Unanipeleka kwake, mimi nibebe masanduku, wewe uonyeshwe kisima!"

Mwalimu akaketi taratibu kwenye kile kigoda, kilekile cha siku ile.

"Yuko huko?" akauliza.

Fundi amepima watu maisha yake yote. Anajua mteja anayevuta tumbo ndani, anajua anayesimama kwa vidole ili aonekane mrefu. Mwili haukuwahi kumdanganya. Na alipomtazama mkewe, mabega yake, shingo yake, mikono iliyokaa wazi mapajani, aliona kitu kilichomtia baridi: Mwalimu hakuwa anajua. Hakuwa na habari kabisa. Yeye, Fundi, kwa mdomo wake, ndiye aliyemletea.

"Umejuaje?" Mwalimu akauliza.

"Nimesikia tu."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa dereva. Wa simenti."

"Yule unayemshonea bure kwa sababu ana shida?" Mwalimu alikuwa anazungumza polepole sasa, sauti ile anayoitumia kwa mtoto aliyeficha kitu kinywani. "Na amekwambia nini kingine?"

Basi Fundi, sijui ni pepo gani alimwingia, akasema. Alisema ameoa. Alisema watoto watatu, wa mwisho msumbufu. Alisema mguu, alisema miwani, alisema nyumba amepaka rangi ya kijani mwaka juzi. Kila alilosema alijisikia anazama, lakini lilikuwa limefunguka kama pindo, uzi ukivutwa mmoja linakuja lote.

"Mimi sikuwa najua hata kama bado yu hai," Mwalimu akasema. "Mimi nilimwacha siku ile nilipoingia kwa mlango huo. Wewe ndiye uliyeishi naye miaka yote hii. Unampiga brashi kila Ijumaa. Unajua homa za wanawe. Watu wanaingia hapa, mimi nimekaa papa hapa nakusaidia kushona vifungo, wanauliza ile suti vipi, na wewe unawaambia ina mwenyewe. Mbele yangu. Nikawa najiuliza, huyu mume wangu ananiambia nini? Kwamba na mimi nina mwenyewe, yeye ananitunza tu?"

"Ulisema ingempendeza." Lilimtoka Fundi kwa sauti ndogo, ya mtoto. "Uliishika kola ukasema ingempendeza kweli, ukalia."

Mwalimu alionekana anatafuta hilo neno, na alipolipata akashika kichwa.

"Ewe mwanaume! Nilikuwa nimevunja harusi, ulitaka nicheke? Nililia kwa aibu. Niliigeuza kola nikaona upande wa ndani umeshonwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo, mahali ambapo hakuna mtu angeona. Nikafikiri, kuna watu wanafanya kazi yao hivi, hata pasipoonekana. Nilikuwa nakusifia wewe. Zile sketi unadhani zilikuwa zinanipwaya?"

Kule upande wa pili wa ubao Kinyozi alikohoa.

Mwalimu akainuka. Hakuirusha suti, hakuikanyaga. Aliikunja vizuri akaiweka juu ya meza. Ramani ilikuwa bado imetandikwa pale. Akalamba kidole, akalifuta lile duara la chaki mpaka karatasi ikachubuka.

"Basi, tuende baharini. Mwanzo bahari, mwisho bahari, na katikati bahari, kama ulivyotaka. Magofu nimeyasamehe."

Akatoka. Ndala alizisahau chini.

Haya, Fundi ameshinda. Mkewe hatamwona yule bwana, hatasimama naye kisimani, siku tatu hazipo. Lakini alikuwa anamwona mtoto fulani wa darasa fulani ananyoosha kidole, Mwalimu umefika, na Mwalimu anageukia ubao ili asimtazame, anasema bado. Atasema bado mpaka astaafu. Kwa sababu ya koti.

Akagonga ubao. "Kinyozi! Njoo hapa."

Kinyozi alifika upesi kuliko mtu asiyekuwa anasikiliza. Alikuwa mwanaume wa makamo, mjane, mpana kuanzia shingo kwenda chini, na wiki mbili mbele alikuwa anaoa kwa mara ya pili. Kila mwezi kwa miaka alikuwa anaiulizia ile suti, sehemu kwa kuitaka, sehemu kwa uchokozi.

"Vaa."

"Si ina mwenyewe?"

"Vaa, bwana, kabla sijabadili mawazo."

Kinyozi akavaa. Mkono mmoja uliingia, wa pili ukaingia kwa ubishi, na vifungo vikakaa mbalimbali kama wagomvi. Fundi akaangua kicheko kikali kisicho na raha: kumbe aibu ile aliyoiandaa alikuwa amemwandalia jirani yake maskini, ambaye hakumkosea chochote. Akamvua. Akachukua kiwembe cha kufumulia, akakaa.

Nani hapa amewahi kufumua kazi yake bora kuliko zote? Mishono ile hakuiweka kwa cherehani, aliiweka kwa vidole, na sasa vidole vilevile vilikuwa vinaikata mmoja mmoja. Akafumua ubavu, akafumua mgongo, akatoa ile bitana ya zambarau. Ndani ya mishono kitambaa kilikuwa cheusi zaidi, hakijaona jua, na alipoachia nafasi ya tumbo la Kinyozi mistari ile ikatokea nje, ikaonekana. Mtu mwenye macho angejua hii nguo ilikatwa kwa mwingine. Mwili uliokuwa umekaa ndani ya koti lile miaka yote, kifua na mabega sawasawa, ukatoweka mikononi mwake. Iliuma. Sitawaambia kwamba haikuuma.

"Umeniharibia suti yangu," Kinyozi akasema alipoivaa tena, huku anajigeuza kwenye kioo kwa furaha isiyo kifani.

"Ndiyo yako sasa. Toka nayo."

Jioni Mwalimu aliandaa meza bila neno. Watoto, ambao wana pua ya mambo haya, walikula upesi wakajiondokea. Fundi alikaa mahali pake. Vidole vyake vilikuwa vimejaa nyuzi za kijivu, na nyuzi nyingine zilikuwa za zambarau.

"Suti ameichukua Kinyozi," akasema.

"Itamtosha wapi?"

"Nimeifumua."

Mwalimu aliacha kijiko. Alivitazama vile vidole, akakishika kimoja, akautoa uzi wa zambarau uliokuwa umeng'ang'ania kwenye kucha. Amekaa na fundi muda wa kutosha kujua neno hilo lina uzito gani. Fundi akatoa ramani chini ya kiti, akatoa na chaki, akaweka vyote mbele ya mkewe.

"Magofu kwanza," akasema. "Siku tatu. Ukitaka nne."

"Na wivu wako?"

"Nao unakuja, Mwalimu. Nikisema nimeuacha nitakuwa nakudanganya."

"Basi utauchukulia tiketi yake," Mwalimu akasema, "mimi sitampakata mtu." Akachora duara mahali palepale palipochubuka.

Walifika asubuhi, jua bado halijachoma. Mahali penyewe palikuwa kama alivyopachora ubaoni miaka yote, isipokuwa pakubwa: ukuta, lango lisilo na mlango, nyasi zimeota kwenye vyumba vya watu. Kivulini mwa lango kulikuwa na meza, na mezani palikuwa na mwanaume mwenye miwani. Akainua kichwa.

Macho ya Fundi yalifanya kazi yao bila kumwomba ruhusa. Mabega: sawasawa, kulia na kushoto. Kifua: kilekile. Tumbo: halipo. Miaka kumi na miwili, mguu uliovunjika, watoto watatu, na hajaongezeka hata upana wa kidole! Ingemkaa. Ile suti ingemkaa leo hii kama siku aliyopimwa. Roho ilimuuma Fundi hadi akatafuta pa kushika, akashika ukuta wa kale, akaambiwa na kibao asiguse.

Yule bwana alimtambua Mwalimu. Akavua miwani. "Habari za siku nyingi," akasema.

"Nzuri tu. Hujambo?" Mwalimu akasema. "Kisima kiko upande gani?"

"Ukiingia, kulia, nyuma ya ule ukuta mrefu."

"Ahsante." Na akaingia. Aliingia kwa mwendo wa haraka, karibu akimbie, viatu mkononi, mtu mwenye miaka yake, wala hakugeuka.

Kumbe ndiyo yote hayo. Fundi alisimama pale akingoja yaliyobaki, hayakuja. Yule bwana ndiye aliyemgeukia.

"Wewe si yule fundi? Wewe ndiye! Ile suti yangu iliishia wapi?"

Hotuba alizokuwa ameziandaa Fundi zingejaza sanduku. Alitafuta hata moja, hakuiona. "Mwenyewe aliichukua," akasema.

"Heri yake. Mimi nilioa na suti ya kuazima, bwana, mchana kutwa sikuweza kuinua mkono. Picha zote nimesimama kama mlingoti."

"Ilikubana wapi?"

"Hapa," yule bwana akasema, akajigusa, "mabegani."

"Mabegani haiwezekani, mabega yako hayana kosa. Itakuwa kwapani, waliikata juu mno. Hebu nyoosha mkono." Na futi ilikuwa imeshatoka mfukoni, yule bwana ameshanyoosha mkono, Fundi ameshainama, wakati sauti ya darasani ilipotoka nyuma ya ukuta mrefu.

"Baba watoto! Nimekiona kisima! Utakaa na huyo mtu mpaka lini?"

Fundi akatazama futi iliyokuwa imezunguka kifua cha yule bwana. Akaikunja, akairudisha mfukoni, akamwacha ameinua mkono, akamfuata mkewe.